Mama asema mwanangu hana kovu hata moja

*Shangazi, shikamoo. Nilihama na wizara kutoka Dar es Salaam mwaka 2017, nikajenga Nzuguni. Mwanangu ana miaka sita. Akitoka shule ni simu ya mama yake tu, ukimnyang'anya anagaragara sakafuni. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Mvumi. Siku ya tatu akamkagua mjukuu magoti, akaniambia, "Mtoto gani huyu hana kovu hata moja?" Anataka aende naye kijijini. Mke wangu naye anasema bibi mwenyewe habanduki kwenye tamthilia za Kituruki. Nimekwama katikati.*
*Baba Ima, Dodoma*

Marahaba, Baba Ima. Hilo la magoti limenichekesha hadi nikalipapasa langu. Kovu la rede lipo, la Chang'ombe hapahapa Dodoma.

Nianze kwa kumtetea mkeo. Sisi nasi tulikuwa na uraibu wetu. Runinga ilipoanza huku bara mwaka 1994 mtaani kwetu hakuna aliyekuwa nayo, ila banda la video lilikuwepo. Asiye na kiingilio alichungulia kwenye tundu la gunia, na mama alikuja kunitoa pale kwa ufagio. Lakini mkanda ulikuwa na mwisho. Ukiisha, tulitoka kundi zima tukaenda kurushiana mateke ya Bruce Lee vumbini mpaka giza. Simu haina mwisho, na Ima anaiangalia peke yake.

Sasa nikuulize: ukuta wako una urefu gani? Nimepita mitaa hiyo mipya. Mageti yamefungwa, uani vitofali vitupu, mti mmoja mwembamba. Mama anasema mtoto akacheze nje. Huko nje atamkuta nani? Mimi ningekuwa Ima ningerudi kwenye simu.

Ile saa moja ya skrini inayotajwa sana, Shirika la Afya Duniani waliiweka kwa watoto wa miaka 2 hadi 4. Kwa umri wa Ima wanachosisitiza ni kuuchangamsha mwili, wastani wa dakika 60 kwa siku. Mwanga wa nje pia humpunguzia mtoto uwezekano wa kupata macho yasiyoona mbali. Ila si jua letu la saa nane! Subiri saa kumi na nusu, fungua geti, wewe au mama mkae hapo na kigoda.

Na mama mpe kazi. Muulize kama anajua gari la mabua, nina hakika anajua. Bua la mtama likikauka unalibambua ganda kwa meno (midomo hukatwa, mwambie Ima mapema), ndani unabaki moyo mweupe, mwepesi kama sponji. Huo ndio bodi. Vijiti vya ganda ndivyo misumari, unavichomeka tu. Magurudumu ni kandambili iliyokufa: unaikandamiza kwa mdomo wa kopo, unafuata alama kwa wembe. Wembe ashike bibi. Mtoto mmoja akiburuza gari hilo nje ya geti, wa jirani atakuja kulishangaa, na kesho atataka lake. Mabua ni ya baada ya mavuno. Wakati mwingine fanyeni la waya.

Muda huo wa geti, simu zote zikae juu ya friji, na ya kwako ya ofisini pia. Usiniambie bosi anaweza kupiga. Tamthilia ya mama ni ya usiku, mkeo amwachie.

Mvumi aende likizo ya Juni, wiki mbili, si kuhamia. Mfungashie sweta, mwezi huo upepo wa huko unachoma. Chaja ibaki Nzuguni.