Wafuasi elfu mbili, laiki nne

Mwaka wa kwanza wa ukurasa wangu wa kuuza zabibu mtandaoni nilifanya ujinga ambao naona wengi bado wanaufanya: nililipia wafuasi. Waliingia elfu mbili usiku mmoja, majina ya ajabu ajabu, picha hazieleweki. Kesho yake nikaweka picha ya zabibu za shambani kwetu Hombolo, Dodoma, zimeiva zinameta. Laiki nne. Moja ya dada yangu.

Daftari ndilo lililonitoa. Kila swali nililoulizwa sokoni Majengo nililiandika. Hizi ni za kula au za mvinyo? Mbona mwezi wa sita hazipo? Swali likijirudia mara tatu, jioni nalirekodia video fupi kwa simu yangu hiihii yenye kioo kilichopasuka. Iliyopendwa kuliko zote ni ile ya kupogolea, yaani kukata matawi. Nilishika mkasi nikaonyesha kwamba huku Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu tunapogolea mara mbili. Mzabibu ukikatwa ndipo unachipua matawi ya kubeba matunda. Nikaeleza pia kwa nini zabibu za Agosti na Septemba huwa tamu kuliko za wakati wa mvua. Watu wakaanza kutumiana. Wiki ile niliongeza wafuasi mia na kitu tu, ila karibu kila mmoja alikuja na swali lake, nami nikapata video za mwezi mzima.

Msimu ukiisha usipotee. Mimi nilinyamaza miezi mitatu eti sina cha kuuza, niliporudi wateja walishazoea kwa mwingine. Siku hizi naonyesha hata palizi, samadi, na vita yangu na ndege.

Halafu kuna status ya WhatsApp, ambayo watu wanaidharau. Mtu asiposevu namba yako haioni, hata uweke picha nzuri namna gani. Kwa hiyo mteja akilipa, namwomba anisevu palepale, nami namsevu kabla sijampa chenji. Wakati wa Bunge la bajeti, mji ukijaa wageni, hapo sioni aibu kabisa. Simu yangu sasa imejaa majina kama Zabibu Mama Kikuyu, Zabibu Afande, Zabibu Bungeni 1, Zabibu Bungeni 2, na Zabibu Hajalipa.