Vipuri asilia vya umeme vya Cessna 172 ya zamani

Ndugu uliyeuliza utapata wapi jenereta, regyuleta (kidhibiti cha umeme wa jenereta) na swichi asilia za ndege ndogo ya Cessna 172 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 unayoifufua hapa Dar es Salaam, na kama mtaa wa Gerezani, wenye mafundi na vipuri vya magari, unaweza kukufaa, nakujibu kutokana na ndege ya aina hiyohiyo niliyoihangaikia kwa miaka miwili.

Kabla ya kumtafuta muuzaji, tafuta katalogi ya vipuri inayolingana na namba ya utengenezaji ya ndege yako, kwa sababu jina la 172 peke yake halitoshi. Ndege hizo zilianza kuuzwa mwaka 1956 zikiwa na mfumo wa volti 14 (betri ya volti 12), na kuanzia modeli ya mwaka 1978 zikahamia volti 28 (betri ya volti 24). Za mwanzo zilifungwa jenereta, zilizofuata altaneta. Mimi niliagiza kontakta ya betri (swichi kubwa inayovutwa na koili ya sumaku) kutoka Marekani kwa kutazama picha tu. Ilifika ikiwa inafanana na ya zamani hadi matundu ya skrubu, lakini koili yake ilikuwa ya volti 24, na betri yetu ya volti 12 haikuweza kuivuta. Nauli na ushuru vilikuwa vimekwisha kulipwa.

Gerezani wapo mafundi ninaowaheshimu sana, na ni kweli kwamba regyuleta ya Delco-Remy ya ndege zile inafanana mno na katauti, yaani regyuleta ya magari ya enzi hiyo. Hata hivyo, usiifunge katauti ya gari kwenye ndege. Kipuri cha ndege husafiri na karatasi yake ya uthibitisho, iwe fomu 8130-3 ya Marekani au Fomu 1 ya Ulaya, na bila karatasi hiyo mhandisi mwenye leseni hana msingi wa kutia saini, hata kama kifaa chenyewe kinafanya kazi vizuri.

Ndiyo maana nakusihi usitupe chochote ulichokifungua. Kipuri asilia kilicho rahisi kupatikana mara nyingi ni kile kilichomo tayari ndani ya ndege. Jenereta yetu, ambayo nilikwisha kuikatia tamaa kwa kutu ya hewa ya chumvi, tuliipeleka kwenye karakana iliyoidhinishwa katika uwanja wa Wilson, Nairobi, ikabadilishwa beringi na kaboni, komuteta (silinda ya shaba inayoguswa na kaboni) ikachongwa upya, ikarudi na cheti chake. Ukinunua kilichokaa stoo miaka arobaini bila kutumika, usidanganyike na boksi lake zuri: grisi huwa imekauka, mpira umekakamaa na pointi (vigusanishi vya umeme) zimeota ukungu wa oksidi, kwa hiyo nacho kipitie karakana kabla ya kufungwa.

Kwenye nyaya tu ndipo ninapoacha uasilia bila kusita. Waya wa zamani uliopasuka ganda ni hatari, na ule wa magari wenye ganda la PVC hutoa moshi wenye sumu unapoungua. Tumia waya wa ndege wenye alama ya M22759 iliyochapwa juu ya ganda lake.

Jenereta ikisharudi mahali pake, ipe mwelekeo wa sumaku (yaani pitishia umeme wa betri kidogo ili ncha za sumaku yake zikae upande sahihi) kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji kabla ya kuwasha injini, la sivyo inaweza kuchaji kinyume na kuunguza pointi za regyuleta. Ukiiandika hapa namba iliyo kwenye kibati cha jenereta yako, nitailinganisha na katalogi niliyo nayo.