Usimuulize "Albamu Inahusu Nini?"

Wadogo zangu mnaoanza kuandika habari za burudani, naanza na aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza kukaa na mwimbaji wa Afrobeats kutoka Lagos, Nigeria, dada ambaye nyimbo zake zilikuwa zinapigwa kuanzia daladala za Mbagala mpaka harusi za Masaki, nilipewa dakika kumi na tano nami nikaingia na maswali ishirini. La kwanza: "Albamu yako mpya inahusu nini?" Akatabasamu, akajibu vizuri mno. Mapenzi, kukua, mwanamke kujitambua. Nimerudi ofisini, nikafungua mtandao, nikakuta jibu lilelile, neno kwa neno, ameshawapa watu wengine wawili. Hakunidanganya. Alikuwa amechoka, na mimi sijui nilikuwa wa ngapi kumuuliza siku hiyo.

Ukweli ni kwamba albamu sikuwa nimeisikiliza. Nilijua nyimbo mbili tu, zile zenye video. Basi ukipewa albamu kabla haijatoka (mara nyingi hutumwa kiungo, na ukikivujisha jina lako limekwisha mjini), tafuta hedfoni nzuri, ukae nayo toka mwanzo mpaka mwisho bila kuruka. Kisha usome majina ya walioshiriki: nani kaandika, nani kapika mdundo, nani kaitikia. Humo ndimo maswali yalimo.

Chukua Born in the Wild ya Tems, mwimbaji wa Nigeria, ya Juni 2024. Ni albamu yake ya kwanza kamili, ina vipande 18, na ukisoma majina utakuta Tems si mwimbaji tu, ni prodyuza pia, akifanya kazi bega kwa bega na GuiltyBeatz wa Ghana. Hapo una swali ambalo wengi hawaulizi: dada, ukiwa wewe ndiye mpishi wa mdundo na ndiye mwimbaji, nani anakwambia wimbo huu haujaiva? Humo pia mna "Love Me JeJe", uliompa Grammy Februari 2025. Wimbo huo umechukua kiitikio cha Seyi Sodimu cha mwaka 1997, na sauti ya kike kwenye ule wa zamani ni ya Shaffy Bello, mama huyohuyo mnayemwona kwenye filamu za Nollywood. Kijana akijua hilo, mahojiano yanageuka mazungumzo. Na neno "jeje" ni la Kiyoruba, maana yake taratibu, kwa upole. Mwenzetu mmoja alidhani ni "je, je?" ya kuuliza, akaitangaza hivyo hewani. Tulicheka wiki nzima, ila hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekwenda kuuliza maana kabla yake.

Majina ya albamu nayo msiyapite mbio. Morayo ya Wizkid, Mnigeria mwingine, ya Novemba 2024, imebeba jina la mama yake, aliyefariki mwaka 2023. Ukiingia na "kwa nini umeiita hivyo?" kwa sauti ya uchangamfu, umemkanyaga mtu kwenye kidonda. Ukiwa unajua, unatoa pole kwanza kama tulivyolelewa, halafu unauliza taratibu ni wimbo gani mama angeupenda. Swali ni lilelile, tofauti ni adabu.

Kuna herufi moja itakayowaumbua: s. Afrobeat bila s ni muziki wa Mnigeria Fela Kuti na mpiga ngoma wake Tony Allen, wa miaka ya 1970, tarumbeta na saksafoni, wimbo mmoja unaweza kumaliza upande mzima wa santuri, na siasa ndani yake. Afrobeats yenye s ni hii ya karne ya sasa, iliyochanganywa Lagos, Accra na London. Zina undugu lakini si kitu kimoja. Na wapo wasiopenda kuwekwa kwenye kapu hilo: Burna Boy kwa miaka mingi kazi yake ameiita Afro-fusion, Rema yake ameiita Afrorave. Mwite msanii kwa jina analojiita, kisha umbane alieleze. Ukimwambia Burna Boy kwamba babu yake, Benson Idonije, aliwahi kuwa meneja wa Fela, ujue anajua unajua.

Jambo jingine ni subira. Albamu haifi ikipita wiki ya kwanza. Made in Lagos ya Wizkid ilitoka Oktoba 2020, lakini "Essence", aliouimba na Tems, uliwaka mwaka uliofuata, ukafika nafasi ya 9 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani. "Calm Down" wa Rema ulikuwa wake peke yake mwanzoni mwa 2022 kabla Selena Gomez hajaingia Agosti ile. Kwa hiyo ukimhoji msanii wiki albamu imetoka, usikimbilie kutangaza upi utatamba. Muulize yeye ni upi anaogopa utapitwa. Wengi wana mmoja wa namna hiyo, na wakianza kuutetea huwa wanasahau yale majibu ya kukariri.

Sasa ziara. Hapa ndipo nimeona vijana wengi wakiteleza, kwa sababu wananakili bango: miji, tarehe, basi. Bango ni tangazo la biashara. Habari ni namna wimbo wa studio unavyosimama jukwaani. Anaimba laivu au pleibeki? Burna Boy hupanda na bendi yake, The Outsiders, na mtu aliyezoea kumsikia kwenye simu anakutana na muziki mwingine kabisa. Ulizeni mazoezi ni ya wiki ngapi, wangapi wanasafiri, nyimbo zipi mpya zimegoma kukaa kwenye bendi. Ukiweza, omba kuzungumza na kiongozi wa bendi au fundi mitambo. Hao hawana msemaji wa kuwakatiza, na wanapenda mno kuulizwa.

Tena andika "imetangazwa", usiandike "atakuja". Agosti 2022 mashabiki wa Dar es Salaam walimsubiri Kizz Daniel, hakupanda jukwaani, polisi wakamshikilia, na siku chache baadaye akafanya onyesho la bure. Tems alikuwa amepangiwa BK Arena ya Kigali Machi 2025, akafuta onyesho mwishoni mwa Januari, siku zilezile Goma, mashariki mwa Kongo, ilipoangukia mikononi mwa M23, waasi ambao Rwanda inatuhumiwa kuwaunga mkono, akisema hakujua mgogoro ule alipokuwa anatangaza onyesho. Mwenyewe aliwahi kulala rumande Uganda Desemba 2020, pamoja na Omah Lay, baada ya onyesho la Kampala lililodaiwa kuvunja masharti ya korona. Hayo si ya dawati la siasa peke yake. Msomaji wa Goma na wa Bukavu anasoma Kiswahili hikihiki chenu, na anataka kuona kama mliuliza.

Lugha: wengi watawajibu kwa Kiingereza, wakinogewa wataingia Pijini, Kiingereza chao cha mtaani. Msitafsiri hapohapo kichwani huku mkiandika. Rekodini, msikilize tena nyumbani, na pale ambapo hamkuelewa, muulizeni mtu wa kwao. Na mkitaka kumfurahisha mgeni, mkumbusheni kwamba njia ya kati ya muziki wao na wetu ilishapitiwa zamani: Diamond alimwita Davido kwenye "Number One" mwaka 2014, na Yemi Alade akarudia "Na Gode" kwa Kiswahili.

Yule dada wa mwanzo nilikutana naye tena miaka mitatu baadaye, hotelini Nairobi. Safari hii nilikuwa na maswali manne. La pili lilihusu kwaya iliyosikika kwa mbali kwenye wimbo wa mwisho, sekunde chache tu. Akanyamaza, akamtazama meneja wake, akasema ile ilikuwa sauti iliyorekodiwa kwa simu kanisani kwao, siku ya mazishi ya shangazi yake, na kwamba mimi ndiye wa kwanza kuisikia. Meneja akaonyesha saa. Nikainuka. Yeye hakuinuka. Nikamwambia rekoda bado inakwenda, akasema iache, akaanza kuimba ile sehemu yote, yote ambayo kwenye albamu ilikuwa imekatwa.