Nilibeba kisu miaka mitatu kwa ajili ya mbwa. Sasa nabeba fimbo

Kovu liko kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, upande wa ndani, kwenye pingili ya kati. Anayeliona husema, "Kumbe mbwa yule alikuumiza kweli." Inabidi nieleze kwamba jeraha hilo si la mbwa. Ni la kisu changu mwenyewe, kile nilichokuwa nakibeba mfukoni ili mbwa wasiniumize.

Naandika kwa sababu swali hili linanirudia kila mara, kutoka kwa watu wanaotembea alfajiri, wanaokimbia mazoezi, wanaopeleka mizigo nyumba kwa nyumba: ninunue kisu cha aina gani? Nalielewa vizuri sana. Ukishakimbizwa na mbwa hata mara moja, mwili hausahau. Unatembea umetega masikio, na kitu chenye makali mfukoni kinakutuliza moyo. Mimi nilitulizwa hivyo kwa miaka mitatu, na utulivu ule ndio ulioniponza.

Ilikuwa asubuhi, natoka zamu ya usiku, begi nimelitundika bega la kushoto. Geti la nyumba moja niliyozoea kuipita lilikuwa limeachwa wazi. Mbwa mkubwa wa kahawia akatoka, akasimama katikati ya njia. Hakubweka. Watu husema mbwa anayebweka haumi, lakini mimi nikachukulia kwamba ukimya wake ni upole. Leo ningemsoma tofauti: mwili umekakamaa, mkia uko juu umesimama kama mti, mdomo umefumba, macho hayabanduki usoni kwangu, manyoya ya mgongoni yameinuka. Mbwa mwenye hali hiyo anaamua. Na kwa kawaida anapoamua hukupa sekunde mbili tatu.

Hizo sekunde zangu nilizipoteza kwenye mfuko wa suruali. Kisu changu kilikuwa cha kukunja, cha kawaida, kile ambacho mkono mmoja unashika mpini na ukucha wa kidole gumba cha mkono mwingine unaingia kwenye kijishimo cha ubapani ili uvute makali yatoke. Nyumbani nilikuwa nakifungua nimefumba macho. Pale njiani ukucha uliteleza mara mbili. Hofu ikikupanda, miguu na mabega hupata nguvu lakini vidole vinakosa ustadi. Kazi ndogo kama kufunga kifungo inakuwa ngumu. Basi nikainamisha uso nikitazame kisu. Yaani nilimwondolea mbwa macho, nikainama, mikono yote miwili imeshughulika, na begi kubwa lililokuwa ngao yangu linaning'inia nyuma halina kazi.

Akaruka. Alinidaka mkono wa kushoto chini ya kiwiko, juu ya koti. Kisu kilikuwa tayari kimefunguka, nikamchoma mara moja. Ncha iligonga mkanda wake wa shingoni, na kwa kuwa kisu kile hakikuwa na kishikizo cha kuzuia makali yasirudi, kilijikunja papo hapo juu ya kidole changu. Kikaanguka. Sikusikia maumivu, niliona damu tu na nikadhani ni ya mbwa. Kilichoniokoa sikukipanga: katika kuvutana, begi liliporomoka kutoka begani mpaka kwenye kiwiko, likamfika mdomoni. Aliuachia mkono akalidaka begi, akawa analitikisa kwa nguvu zake zote. Nikalitoa mkononi, nikarudi kinyumenyume, na mwenye mbwa akawa ametoka anamwita.

Kidole kilishonwa nyuzi nne. Mkononi kulikuwa na matundu mawili ya meno ya chonge.

Sasa nirudi kwenye swali. Kisu cha mfukoni kina urefu wa vidole vichache. Ili kimfikie mbwa, lazima mbwa awe ameshakufikia wewe. Hicho peke yake kilitosha kunifanya nikiache, maana kujikinga na mbwa ni suala la umbali, na kisu ni silaha inayoanza kazi umbali ukiwa umeshakwisha. Tena mbwa aliyechomwa haanguki pale pale. Wengi huzidisha kung'ata wanaposikia maumivu, na wewe unachoma kitu kinachojipinda na kutikisika huku mkono wako mwingine umo mdomoni mwake. Kujikata au kumkata aliyekuja kukusaidia ni rahisi kuliko unavyofikiri.

Kuna atakayeniambia: nunua chenye kufuli, makali yakifunguka hayarudi. Ni kweli, kingekinusuru kidole changu. Lakini angalia sheria ya ulipo kabla hujakitia mfukoni. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 unaruhusiwa kutembea nacho, ila kikiwa na kufuli ya kuzuia makali kinatoka kwenye ruhusa hiyo na unatakiwa uwe na sababu ya msingi. Kisu kinachokufaa kwa kuchoma ndicho kinachoweza kukuingiza matatani. Na ukimwambia askari "nimekibeba kwa kujihami", umekwisha kukiri kwamba ni silaha.

Jambo ambalo sikulijua, na ndilo linalonitia hofu hadi leo, ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na takribani wote wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, ni nadra mno mtu kupona. Kabla dalili hazijaanza, chanjo inamwokoa; tumejua hivyo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomtibu mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Mbwa aliyeuma akiwa mzima, hufungwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki na afya njema siku hizo zote, hakuwa na ugonjwa kwenye mate siku alipouma. Sasa fikiri kisu changu kingefanya kazi niliyotaka kifanye. Mbwa angekimbia na jeraha asionekane tena, au angekufa, na mimi ningebaki na matundu mawili mkononi bila kujua. Na pale nilipokata kidole huku mate ya mbwa yametapakaa mkononi, nilijifungulia mlango wa pili wa ugonjwa ule ule.

Mwenye mbwa alikuwa mama mtu mzima, amejifunga kanga, anatetemeka kuliko mimi. Nilimuuliza swali moja tu: "Mama, amechanjwa?" Akasema, "Amechanjwa mwanangu, ngoja nikuletee kadi." Akanipeleka kwenye bomba la uani, tukaosha mkono na kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka. Dakika 15 kamili. Ukizihesabu ni ndefu mno, na watu wengi huacha baada ya mbili. Usiruke hatua hiyo, maana maji na sabuni huondoa virusi vingi kabla havijaingia ndani. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya kienyeji, na usikimbilie kufunga jeraha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama mbwa ana kadi. Muuguzi alinianzishia chanjo bila kungoja zile siku 10, akanipangia kurudi siku ya 3 na ya 7 na kuendelea, akaniuliza pia kuhusu sindano ya pepopunda. Jeraha likiwa baya au karibu na kichwa, wataongeza sindano ya kingamwili kwenye jeraha lenyewe.

Nibebe nini basi? Mimi nabeba fimbo, ndefu kufikia kiunoni, nyepesi. Wala simpigi mbwa nayo. Nainyoosha mbele, kati yangu na yeye, ili akitaka kuuma aume fimbo. Begi nalivaa mahali ambapo naweza kulileta mbele kwa mkono mmoja. Wasambaza barua Marekani hushambuliwa na mbwa zaidi ya mara 5,000 kwa mwaka, na wanachofundishwa ni kutumia mfuko wao wa barua kama ngao. Wana pia dawa ya kupuliza yenye pilipili. Dawa hiyo ni nzuri pale inaporuhusiwa, kwa sababu inafanya kazi mbwa akiwa bado mbali na haimwachii jeraha, ila upepo ukiwa unakuja kwako itakurudi machoni. Mwavuli unaofunguka ghafla nao unamshtua mbwa na kumficha mwili wako. Mwenye baiskeli ashuke, aiweke katikati. Vitu vyote hivi vinafanana kwa jambo moja: havihitaji ukucha wa kidole gumba.

Usikimbie. Najua miguu inataka, lakini mbwa wa kawaida anakuzidi mbio hata ungekuwa mwanariadha, na mgongo unaokimbia unamwita. Simama. Mgeukie ubavu, si kifua. Mtazame miguuni au begani, kwa maana kumkodolea mbwa macho ni kumchokoza, na kumtoa machoni kabisa ndilo kosa nililolifanya mimi. Mikono iwe chini, vidole vimekunjwa. Kisha sema kwa sauti nzito, fupi, isiyopanda: "Rudi! Nyumbani!" Mbwa wengi wenye wenyewe wanalijua neno hilo au angalau wanaijua sauti hiyo. Kupiga mayowe kunamwongezea jazba. Akitulia, rudi nyuma hatua moja, usimame, hatua nyingine. Wengi hawataki kukuuma. Wanataka uondoke kwenye eneo wanaloliona lao, kwa hiyo waondokee.

Mwaka jana nilikutana na watatu kwa mpigo, mbwa koko, kwenye njia nyembamba. Mbwa wakiwa kundi, anayekuja mbele akibweka si wa kumwogopa sana. Mwogope anayezunguka nyuma kimyakimya. Nikaegemea ukuta ili asipatikane wa kunizunguka, begi kifuani, fimbo mbele. Nikainama kama ninayeokota jiwe, na wawili wakarudi nyuma hapo hapo. Yule wa tatu alibaki ananguruma, mkia kaufyata, masikio kayalaza. Huyo alikuwa anaogopa, na mbwa anayeogopa akibanwa huuma. Nikasogea pembeni nimwachie njia. Akapita. Sikutoa neno zaidi ya lile moja, na mapigo ya moyo nilikuwa nayasikia masikioni.

Akikudaka, usiuvute mkono, kwani unachana nyama kwenye meno yake. Mpe kitu kingine cha kung'ata: begi, koti, kiatu. Ukiangushwa, jikunje, kidevu kifuani, ngumi zifunike masikio na shingo, ulale hivyo usipige mateke. Akimng'ang'ania mtu mwingine na ana mkanda shingoni, aliye nyuma yake aushike na kuupinda mpaka pumzi imbane; ataachia ili avute hewa. Sisemi kwamba hakuna hali ambayo kisu kingesaidia. Mtoto yuko chini, mbwa haachii, hakuna kingine karibu: mtu atatumia chochote na hakuna wa kumlaumu. Lakini hali hiyo ni nadra, na haikustahili niizoeze mikono yangu kwenda mfukoni kila mbwa anapotokea.

Watoto wafundishwe kabla. Kimo chao kinaleta uso na shingo kwenye mdomo wa mbwa, ndiyo maana majeraha yao huwa mabaya. Binti yangu tunacheza naye "simama kama mti": nikipiga makofi anaganda, mikono imebana kifuani, macho chini kwenye vidole vya miguu. Anajua pia kutomgusa mbwa anayekula, mwenye vitoto au aliyefungwa mnyororo.

Yule mbwa wa kahawia alimaliza siku zake 10 akiwa mzima. Siku ya 11 nilirudi kwa yule mama kumwambia kwamba sote wawili tumepona, nikamwomba jambo moja, kuhusu geti. Nilienda nikiwa nimejiandaa kwa mabishano. Akanisikiliza, akasema hata yeye halali vizuri tangu siku ile. Wiki iliyofuata fundi alifunga springi kwenye bawaba, geti likawa linajirudisha lenyewe. Bado napita pale kila nikitoka zamu. Ananibwekea kwa ndani, kisha nasikia kucha zake zikikwaruza sakafu akirudi kulala.