Anajua Jibu, Lakini Akisimama Linampotea

SWALI: Mhariri, salamu. Binti yangu yuko sekondari na anasoma Kiingereza kwa bidii. Nyumbani hunisomea kifungu kizima bila kukwama, kisha akanieleza maana yake. Hata hivyo, mwalimu akimwita asimame ajibu, viganja vyake hulowa jasho, ulimi huwa mzito, na neno alilolijua akiwa ameketi halipati tena. Alama zake zinashuka kila muhula, na mwalimu anasema ni mvivu. Je, ni kweli?

JIBU: Mzazi mwenzangu, kwa maelezo yako sioni uvivu hapo, na ninakuomba neno hilo lisitamkwe tena mbele ya binti yako. Mwaka 1986, Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope walitoa dodoso lenye vipengele 33 la kupima wasiwasi katika darasa la lugha ya kigeni, wakauhusisha wasiwasi huo na hofu ya kuzungumza mbele ya watu, hofu ya mtihani, na hofu ya kuonekana hafai machoni pa wengine. Ya kwanza na ya tatu naziona wazi katika barua yako.

Anayejibu kwa lugha ambayo bado anajifunza hulazimika kushika mambo mengi kwa mara moja: wazo lenyewe, msamiati, nyakati za vitenzi na matamshi. Kumbukumbu inayobeba mzigo huo ina nafasi finyu, na mwanafunzi anayewaza papo hapo kama wenzake watamcheka hubakiwa na sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo kwa ajili ya jibu. Baada ya kuaibika mara kadhaa huamua kunyamaza, na kwa kunyamaza hukosa mazoezi, akazidi kubaki nyuma na kuzidi kuogopa.

Watafiti wengine, Richard Sparks na Leonore Ganschow, walitoa hoja kwamba huenda wasiwasi ukawa tokeo la udhaifu katika lugha, wala si chanzo chake. Kwa maoni yangu hoja hiyo isipuuzwe, hata kwa msomaji mzuri kama binti yako, kwa kuwa kusoma na kutunga sentensi papo kwa papo ni stadi mbili tofauti. Zipitieni insha zake zilizosahihishwa. Kosa linalojirudia lifanyiwe mazoezi, maana maneno ya faraja peke yake hayatamfundisha sarufi.

Darasani, dawa ya kwanza ni muda. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi, aliona kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu, na waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka. Kwa anayejifunza lugha, kusubiriwa huko ni muhimu zaidi. Inafaa pia ajadiliane kwanza na jirani yake wa dawati au aandike maneno mawili matatu kabla ya kusimama, na akikosea aachwe amalize sentensi ndipo asahihishwe.

Nyumbani, akishasoma kifungu, mwambie afunge kitabu, asimame, akusimulie kwa Kiingereza chake mwenyewe, nawe usimkatize. Kisha nenda ukamwone mwalimu bila lawama, umwombe amsikilize binti yako akiwa peke yake, akisoma kifungu kile kile anachokusomea wewe.