Kutoa taarifa za magaidi ni kumsaliti Muislamu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Ninaishi Mtwara, karibu na mto Ruvuma. Tangu kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa Oktoba 2020 na watu waliovuka kutoka Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, tunahimizwa kutoa taarifa tukiona watu wa kutilia shaka. Ng'ambo wanapigana nao wanajeshi wa Msumbiji na Rwanda, wengi wao si Waislamu. Hawa wapiganaji wanaswali kama sisi. Nikitoa taarifa si nimemuuza Muislamu kwa kafiri?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Usiangalie kwanza nani unashirikiana naye, angalia mnashirikiana katika nini. Allah anasema katika Suratul Maida, aya ya 2, tusaidiane katika wema na uchamungu, tusisaidiane katika dhambi na uadui. Mtume (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, alihudhuria Hilful Fudhuul nyumbani kwa Abdallah bin Jud'aan, Maquraishi walipoapa kumtetea kila atakayedhulumiwa Makka. Walioapa walikuwa washirikina. Naye baada ya Uislamu akasema lau angeitwa kwenye kiapo kama kile angeitikia.

Ama kuswali kwao, Khawarij, kundi la Waislamu lililomwasi Sayyidna Ali, waliswali kutushinda sisi sote. Wakamchinja Abdallah bin Khabbab, Muislamu mwana wa sahaba, wakampasua mkewe mjamzito. Sayyidna Ali (r.a.) hakuwakufurisha, lakini aliwapiga vita huko Nahrawan, Iraq. Na hawa wa Cabo Delgado walianzia Mocímboa da Praia mwaka 2017, mji wa Wamwani, Waislamu wa pwani kama wewe. Sasa aliyemsaliti Muislamu ni nani? Mtume ametuamrisha kumsaidia ndugu yetu hata akiwa dhalimu, na msaada wake ni kumzuia asidhulumu.

Kwa hiyo inafaa, na ukijua kwa yakini kuna watu wanaotaka kuua, kunyamaza ni dhambi.

Lakini hapa ndipo ninapokuhofia zaidi. Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakiki habari, ikakataza dhana na kupelelezana. Wengi waliovuka Ruvuma ni wakimbizi, wamewakimbia watu hao hao. Usimtaje mtu kwa sababu ya ndevu, au lafudhi, au ugomvi wa shamba. Sema ulichokiona kwa macho, usiongeze. Akikamatwa asiye na hatia kwa ulimi wako, akapigwa, nawe umo katika dhulma ile, na dua ya mdhulumiwa haina pazia mbele ya Allah. Ukiwa na shaka, mwendee kwanza imamu au mwenyekiti wa kijiji unayemwamini, mlipime jambo pamoja.

Wallahu aalam.