Maua ya jiki yametoboa dera, nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Langoni, Lamu. Nimechora maua kwa jiki kwenye dera jeusi la pamba, yakatoka rangi ya chungwa, mazuri kweli, nikasuuza na siki vile niliambiwa ndio jiki ikatike. Kufua mara mbili tu, penye maua pametoboka. Na kipande cha buibui nilichojaribu hakikubadilika hata kidogo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo siki irudishe jikoni leo leo. Siki ni asidi, ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, ile inayokukaba koo, na kuna dawa za chooni ambazo ni asidi vilevile kwa hivyo usichanganye, wala na amonia. Aliyekwambia siki inakata jiki amekupoteza.

Kinachokata ni haidrojeni peroksaidi ya 3%, ile ya kuoshea vidonda, maduka ya dawa wanayo. Rangi ikifika unapotaka suuza kwanza na maji mengi, halafu loweka kwenye kikombe kimoja cha peroksaidi na vikombe 10 vya maji, dakika kumi hivi, utaona vipovu vinapanda palepale kwenye maua, hiyo ni oksijeni, ndio jiki inamalizika, kisha fua na sabuni. Suuza ya haraka haitoshi, jiki iliyobaki ndani ya nyuzi inaendelea kula pamba hata nguo ikiwa kabatini. Dera lako lilikuwa limeshaliwa zamani, kufua kumekuonyesha tu.

Halafu nahisi uliingoja iwe nyeupe, sivyo? Rangi nyeusi ya nguo za dukani mara nyingi ni rangi kadhaa zimechanganywa, jiki inamaliza hii haraka ile inabaki, ndio unapata chungwa ama kahawia. Ukilazimisha nyeupe utapata shimo. Anza na jiki kikombe 1 maji 2, dakika 5, usipite 10.

Buibui nyingi ni polista, hapo jiki haina kazi. Kabla hujachora chomoa uzi pindoni uuchome: pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini, polista inayeyuka inakuwa kishanga kigumu. Hariri na sufu usiguse kabisa, jiki inaziyeyusha. Mimi niliwahi kusahau brashi ya kuchorea yenye nywele za mnyama ndani ya jiki usiku mzima hapa Malindi, asubuhi nakuta mti mtupu, tangu siku hiyo natumia za nailoni.

Chupa ya jiki usiiweke dirishani, jua na joto la pwani vinaimaliza nguvu. Na kama unataka nakshi za ile milango yenu ya Lamu, kata umbo kwenye plastiki ngumu, weka kadibodi ndani ya nguo isipenye upande wa pili, kitambaa kiwe kikavu, ugonge na sponji uliyoikamua mpaka karibu ikauke. Ikiwa inadondoka, inasambaa chini ya plastiki na nakshi yote inakuwa madoa. Vaa glavu, fanyia uani penye hewa.